Amemmaliza Mwanangu

"Umezaa lini?"

Ndivyo alivyoanza mama mkwe kwenye simu, bila salamu, bila kuuliza watu wa nyumbani wameamkaje. Mama Kinyozi alikuwa ameinamia karai la mchele nje ya kibanda chake cha chakula, simu kaibana kati ya bega na sikio, mikono miwili majini.

"Nimezaa nini, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Nimeona kwa macho yangu. Kichanga kimelala na kofia yake ya njano, na wewe unalia mpaka kamasi. Mmenificha mjukuu mpaka amekufa. Mimi nimekukosea nini, mke wa mwanangu?"

"Mama, hakuna mtu ali..."

"Nafunga mzigo sasa hivi. Asizikwe kabla sijafika." Kilisikika kilio kirefu, kisha simu ikakatika.

Mama Kinyozi alijifuta mikono na kutazama ng'ambo ya barabara. Mwanawe, yule aliyempa jina la Mama Kinyozi, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha kunyolea akimpulizia mteja nywele shingoni, mzima wa afya, ana miaka ishirini na kitu na anakula kama mchimba mitaro. Mtoto mwingine hakuwahi kumpata. Alimtafuta miaka mingi, kwa dawa na kwa dua, hakupatikana, na mtu aliyemkumbusha jambo hilo kuliko wote ni huyuhuyu aliyekata simu sasa hivi akilia. Kwa hiyo neno lile, umezaa lini, lilimwingia mahali pabaya.

Mumewe alifika kabla mchele haujachujwa. Ni fundi wa kuchomelea, na hata miwani ya kazini hakuivua, ameipandisha tu kwenye paji la uso. Alimnyooshea simu.

Muziki ndio ulioanza, kinanda kinacholialia polepole. Yakaja maandishi makubwa mekundu: MAMA AANGUA KILIO, MUUZA DAWA AMMALIZA MTOTO WANGU. Halafu akatokea yeye mwenyewe, amevaa aproni yake, machozi yanamchuruzika, anajifuta kwa mgongo wa mkono na kusema kwa sauti ya mafua: "Huyo mtu msimwone hivi. Amemmaliza mwanangu. Kammaliza kabisa." Kikafuata kichanga kitandani, kofia ya njano, macho yamefumbwa. Kikafuata duka la dawa la jirani, na kichwa cha mwenye duka kimezungushiwa duara jekundu kama jambazi anayesakwa. Mwisho kabisa: Sambaza kabla hawajaifuta.

Mama Kinyozi alicheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Unacheka?" mumewe akauliza.

"Vitunguu, baba. Nilikuwa nakata vitunguu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyopita alipita kijana mmoja mwenye chaneli ya habari mtandaoni, mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu kipaza sauti hakimtoki mkononi. Alisema anatengeneza habari za wajasiriamali wadogo. Mama Kinyozi akaona hilo litamletea wateja, akakubali kurekodiwa akiwa kazini, na kazi ya saa ile ilikuwa gunia la vitunguu vidogo vyekundu, vile vikali. Katika maongezi Kipaza akamwuliza habari za majirani, akataja muuza dawa, ambaye kila alasiri hutoa ubao wa drafti nje ya duka na kucheza na Kinyozi. Naye akasema kama mtu yeyote angesema: huyo mtu msimwone hivi, jana amemmaliza mwanangu, kammaliza kabisa, hakumbakishia hata kete moja.

Kete hazikuwamo kwenye video. Ziliachwa mezani kwa Kipaza.

"Waliotazama ni wengi kuliko watu wa mji huu," mumewe alisema. "Nisikilize. Huu ni upepo. Kaa kimya, usijibu mtu, utapita."

"Unampitia nani? Mimi au Bwana Dozi wa duka la dawa?"

Mumewe aliivua miwani, akaipangusa vioo ambavyo havikuwa na vumbi, akarudi kazini.

Saa ya chakula cha mchana ilipofika Mama Kinyozi alijua kwamba upepo huu haupiti. Alikuja mwanamke asiyemfahamu, hakuagiza kitu, akamshika mkono na kumbandika sarafu kiganjani.

"Pole, mama yangu. Ya kununulia sabuni tu."

"Sijafiwa, dada. Chukua hela yako."

Yule mwanamke alimtazama kwa huruma nyingi. "Ndivyo mshtuko unavyoanza," alisema, akaondoka. Mama Kinyozi akabaki na sarafu ya watu mkononi, uso unamwaka. Alikuwa amefanya kazi tangu ujana wake ili asiwahi kupewa sarafu ya namna hiyo.

Kwenye benchi, wabeba mizigo waliokuwa wakila kwake kila siku walikuwa wameinamia sahani kwa heshima isiyo ya kawaida. Hakuna aliyelalamika kwamba nyama ni chache, na hilo ndilo lililomwudhi zaidi.

"Nyie mnanijua," aliwaambia. "Mwanangu yule pale, ananyoa. Anaonekana amekufa?"

Wote waligeuka kumtazama Kinyozi. Kinyozi akawapungia mashine.

"Huyo ni mkubwa," mmoja alisema kwa upole. "Sisi tunamsema yule mdogo."

"Mdogo yupi? Nina mdogo mimi?"

Walitazamana. Mzee wao akasukuma sahani mbele. "Mama Kinyozi, hapa sote ni watu wazima. Kama jamaa amekupa kitu unyamaze, sema tu. Hatutakulaumu. Shida ni shida."

"Ameninunua?"

"Sijasema amekununua. Nasema hivi, jana ulikuwa unalia, leo unacheka. Mtu atafikiri nini?"

Mama Kinyozi aligundua jambo lililomtisha kuliko video yenyewe: kumbe akilia anaaminiwa, akisema ukweli kwa sauti ya kawaida anashukiwa. Mara kikasikika kioo kikipasuka. Mbele ya duka la dawa walikuwa wamesimama watu kama kumi, wengi si wa mtaa huu, na taa ya juu ya mlango ilikuwa imemwagika chini vipandevipande. Mlango wa chuma wa duka ukashuka kwa kishindo, ukafungwa kwa ndani.

"Tutarudi alasiri tuje tumwulize vizuri!" mmoja alipiga kelele.

Mama Kinyozi aliingia dukani kwa mlango wa nyuma, sahani ya chakula mkononi imefunikwa kwa sahani nyingine. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya spiriti. Bwana Dozi alikuwa amechuchumaa sakafuni akipanga dawa kwenye boksi. Jina hilo alipewa kwa sababu hamruhusu mtu kuondoka dukani bila kumwambia maliza dozi, hata aliyekuja kununua pamba.

"Umekula?" Mama Kinyozi alimwuliza.

"Nitakula nikishafika."

"Ukishafika wapi?"

Bwana Dozi alichukua chupa ya dawa ya kikohozi, akasoma tarehe yake kama anayetaka kuiuza, akaiweka kwenye boksi. Mtu huyu alikuja mtaani na begi moja na lafudhi ya kwingine. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsema kwa lafudhi yake, ila siku dawa zikipanda bei, hapo watu huulizana kwani huyu ametokea wapi.

"Samahani, jirani," alisema Mama Kinyozi. "Mdomo wangu ndio umekuponza."

"Ungesema tu amemfunga. Drafti watu hufungana."

"Ningesema umemfunga, wangeandika kwamba umemteka."

Bwana Dozi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mama Kinyozi, wewe ukizushiwa unabishana. Una mume hapa, una mtoto hapa, una watu. Mimi nikizushiwa nahama. Sina njia nyingine."

"Na wagonjwa wako? Bibi wa sukari pale kona? Atapata wapi dawa usiku?"

"Bibi wa sukari ndiye aliyenitumia hiyo video. Ameandika chini yake, Mungu anakuona."

Mama Kinyozi aliweka sahani juu ya boksi ili lisifungike.

"Kula," alisema. "Na hilo boksi usilifunge. Nipe mpaka alasiri."

Alipotoka tu nyuma ya duka alimpigia Kipaza. Simu ilipokewa kwa furaha.

"Mama yangu! Tumegusa nyoyo za watu. Umeona?"

"Nimeona. Iondoe."

"Haiwezekani. Na mimi sikusema uongo, mama. Maneno yametoka mdomoni mwako mwenyewe. Mimi nilikata tu."

"Ulikata wapi? Ulikata kete."

"Kila habari inakatwa. Huwezi kumpa mtu habari nzima, atalala."

"Na yule mtoto ni wa nani?"

"Yule ni picha ya mfano."

"Mfano wa nini?"

Kipaza akaanza kumweleza kwa subira, kama mwalimu. Habari bila sura haiendi. Mpishi anayefurahia kazi yake hatazamwi na mtu. Watu wanataka wahisi kitu, walie au wakasirike, vyote viwili ikiwezekana, tena upesi, kabla hawajapata muda wa kuuliza. Hakuona aibu kusema hivyo. Alikuwa anajivunia ufundi wake, na ufundi kweli alikuwa nao.

"Tena ningependa tufanye sehemu ya pili," aliongeza. "Useme unavyojisikia."

Mama Kinyozi alifikiri kidogo. "Sawa," alisema. "Njoo alasiri, mbele ya duka la dawa. Nitasema ninavyojisikia. Uje na hicho kipaza chako."

Mama mkwe alishuka garini na nguo nyeusi, mkeka chini ya kwapa, macho yamevimba. Kinyozi alimkimbilia kumpokea mzigo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimshika mjukuu wake kichwa kwa mikono miwili, akampapasa masikio kama anayechagua tikiti sokoni. Kisha akamsukuma pembeni. "Wewe mzima, namshukuru Mungu. Yule mdogo yuko wapi?"

"Hakuna mdogo, mama," Mama Kinyozi alisema. "Hajawahi kuwapo." Akamweleza yote, drafti, vitunguu, Kipaza.

Mama mkwe alisikiliza amesimama, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nimelia njia nzima. Dereva alisimamisha gari abiria wanitafutie maji. Unataka kuniambia nimemlilia hewa?"

"Ndiyo, mama."

"Machozi yangu hayakuwa ya uongo."

"Hayakuwa. Aliyeyaita ndiye mwongo."

"Yule bwana wa dawa anakuficheni kitu. Haiwezekani mtu alie vile bure."

Hapo ndipo Mama Kinyozi alipokumbuka. Si sura ya mtoto iliyomkumbusha, ni kinanda. Alikuwa amekisikia kinanda hicho mwezi uliopita, jikoni kwake, akilia huku chungu kinaungua. Ilikuwa video ya mfanyakazi wa ndani aliyedaiwa kumwua mtoto wa tajiri wake, na aliyemtumia ni mama mkwe huyuhuyu, na maneno: watumie wote wenye watoto. Aliwatumia. Wiki nzima baadaye alikuwa akiwatazama vibaya wasichana wa kazi waliopita barabarani na watoto wa watu mgongoni. Alijisikia aibu ya kweli, lakini hakukaa nayo. Aliitafuta ile video, akaipata.

"Vaa miwani, mama."

Mama mkwe alivaa. Kinanda kikalia. Kichanga kikaonekana kitandani, kofia ya njano, macho yamefumbwa, uzi mmoja umechomoka juu ya sikio la kushoto.

"Sasa tazama hii ya leo."

Kinanda kilekile, kofia ileile, uzi uleule.

"Rudisha," alisema mama mkwe. Ikarudishwa. "Rudisha tena." Aliisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua. "Huyu aliuawa na msichana wa kazi."

"Ndiyo."

"Na huyu akauawa na muuza dawa."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto mmoja."

"Amekufa mara mbili ndani ya miezi miwili."

Mama mkwe alivua miwani taratibu. "Na mimi nimemlilia mara zote mbili," alisema. "Yule msichana nilimwapiza. Kwa jina lake, nimepiga magoti. Msichana wa watu." Akaketi juu ya mkeka wake uliokunjwa. Walidhani analia tena, kumbe ana hasira, hasira ya mtu aliyegundua kwamba mkono uliokuwa ukimbembeleza ulikuwa unampekua mfuko.

Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mkwewe: "Asubuhi, nilipodhani umezaa. Kabla sijalia, nilifurahi. Kidogo tu."

Mama Kinyozi naye, kabla hajacheka, alipomwona yule mtoto kwenye simu ya mumewe, moyo ulikuwa umeruka kabla ya akili kufika. Kuna mtu aliyeingiza mkono mpaka huko, akapachezea, akaondoka na hesabu ya watazamaji. Hilo hakuwa tayari kulisamehe.

"Nisaidie kunyanyua gunia," alimwambia mwanawe.

Mumewe aliwakuta katikati ya barabara. Aliliona gunia, akauona ubao wa kukatia, akaona na visu.

"Mama Kinyozi, tafadhali. Watakuumiza."

"Basi chukua benchi, niumizwe nimekaa."

Alisimama pale, anatazama duka, anatazama mkewe. Kisha akalichukua benchi.

Baraza la duka la dawa lina paa la chini la bati na kuta pande mbili, upepo hauingii. Mama Kinyozi aliketi mgongo wake ukigusa mlango wa chuma, akamwaga vitunguu miguuni, akaanza kukata. Kushoto aliketi mama mkwe na nguo zake nyeusi na kisu. Kulia mumewe, ambaye hakuwahi kukata kitunguu maishani, akawa anavipondaponda kama mtu mwenye ugomvi navyo. Kinyozi akamenya.

Wale waliovunja taa walipokuja, walikuwa wengi kuliko mchana. Mbele alitangulia mwanamume mwenye kipande cha bomba.

"Mama, ondoka hapo. Tumekuja kukupigania."

"Nimewaona. Sogeeni, sauti yangu si kubwa."

Walisogea. Walijaa barazani, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, na Kipaza akajipenyeza mpaka miguuni pake, simu juu, kipaza sauti kimenyooshwa.

"Mama, waambie watazamaji unavyojisikia."

"Subiri kidogo," alisema Mama Kinyozi, akakata kingine, na kingine.

Wa kwanza kufikicha macho alikuwa mwenye bomba. Akafuata aliyesimama nyuma yake, kisha yule mwanamke wa sarafu. Mzee wa wabeba mizigo alianza kupiga chafya. Kipaza mwenyewe alijaribu kujifuta kwa bega, akashindwa, machozi yakamshuka mpaka kidevuni.

"Nyie mnalia nini?" Mama Kinyozi aliuliza. "Nani kafiwa hapa?"

Akamgeukia aliyetangulia.

"Wewe mwenye bomba, nani kakufia? Nikupige picha sasa hivi, niweke kinanda, niandike kwamba umemwua mkeo na unajuta. Watu wataamini. Si unalia?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Jana nilikuwa nalia hivihivi, kwa sababu hiihii. Nikasema jirani yangu amemmaliza mwanangu. Mwanangu huyu hapa, ana vitunguu mkononi. Alimmaliza kwenye drafti, kete zote. Basi."

"Wamekupa hela!" sauti ilitoka pembeni.

Mama mkwe akasimama, kisu mkononi, machozi yanamtiririka. "Mimi nani amenipa hela? Nimetoka mbali kuja kuzika. Nimevaa hivi kwa ajili ya maiti asiyekuwapo. Njoo uone mtoto aliyekufa mara mbili, njoo. Mke wa mwanangu, wape hiyo simu." Na simu ikapita mkono kwa mkono, video mbili, kofia moja, uzi mmoja. Wengine walitazama wakanyamaza. Wengine walikataa kutazama, wakaondoka wakinung'unika kwamba kuna kitu kinafichwa, na huenda wananung'unika mpaka leo. Mwenye bomba alitazama mara mbili, akafikicha macho, akaliegemeza bomba ukutani polepole kama kitu alichoazima.

Mlango wa chuma ukapanda. Bwana Dozi alitoka na ndoo ya maji na kikombe, sauti ni ileile ya siku zote.

"Msifikiche kwa mikono michafu," alisema. "Njooni mnawe mmojammoja. Na ukianza kunawa, maliza."

Watu walipanga foleni. Hawakuwa na jambo jingine la kufanya.

Kipaza peke yake hakujipanga. Alikuwa ameshusha simu na anarudi nyuma kidogokidogo, anaitafuta njia kati ya migongo ya watu. Mama Kinyozi akamshika mguu wa suruali kwa mkono unaonuka kitunguu.

"Unakwenda wapi? Ulitaka kujua ninavyojisikia. Inua simu." Akaokota kitunguu kingine, akakilaza juu ya ubao. "Piga kuanzia ndoo mpaka huyu bibi, pita kwa mwanangu, umalizie kwa Bwana Dozi pale. Yote. Kukata niachie mimi."